Kuongeza Sola Nyumbani: Betri Mpya Isifungwe na Kuukuu

Wafanyakazi wengi wa Bujumbura na wa mashamba ya bara walikwisha kununua sola kidogo kidogo. Mmoja ana paneli ya wati 50, mwingine ya wati 100, betri moja, taa tatu au nne, na mahali pa kuchajia simu. Vifaa hivyo vilipatikana kwa jasho: huyu alichukua avansi ya mshahara, yule alingoja zamu yake katika tontini. Sasa jamaa imeongezeka, watoto wanasoma usiku, nyumbani wanataka televisheni, na umeme wa REGIDESO, kwa wale walio nao, hukatika bila kubisha hodi. Basi mtu anakusudia kuongeza.

Hapo ndipo anapokutana na washauri wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye duka, ambaye humwambia atupe vyote alivyo navyo na kununua seti mpya. Wa pili ni fundi wa mtaani, ambaye humwambia hakuna shida, leta betri nyingine tuifunge pamoja na hiyo ya zamani. Wa kwanza anamaliza fedha yako leo. Wa pili anaimaliza polepole, kwa sababu betri mpya iliyofungwa na betri kuukuu hufa kabla ya wakati wake, na mwenyewe hubaki akidhani kwamba alinunua betri mbovu. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa: kwanza kujua hasa ni kitu gani kilichopungua, kisha kuviachia vifaa vya zamani kazi yake na vipya kazi yake.

KIPI KIMEPUNGUA?

Mwenzetu anayefanya kazi kwenye mtambo wa kujaza chupa anaelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Ikiwa mashine ya kuosha chupa ni ya polepole, hata ukileta mashine mpya ya kujaza, kreti zitakazotoka mwisho wa zamu ni zile zile. Sola nayo ni mtambo wa namna hiyo. Paneli hutengeneza umeme, regulata (kile kisanduku kilicho kati ya paneli na betri) husimamia chaji, betri huhifadhi, waya husafirisha, na inverta, kama ipo, hugeuza umeme wa volti 12 kuwa wa volti 230. Kiungo kilicho dhaifu ndicho kinachopanga mavuno ya nyumba nzima.

Tuchukue mfano wa nyumba iliyoko Kanyosha au Kamenge, yenye paneli moja ya wati 100 na betri ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwetu Bujumbura jua la siku nzima lina nguvu sawa na saa 4 hadi 5 za jua kamili la mchana. Paneli ya wati 100 ingetoa basi wati-saa 450 hivi, lakini joto, vumbi, regulata na betri yenyewe hula sehemu yake, na kinachomfikia mwenye nyumba ni kama wati-saa 290. Siku ya mawingu mazito, mwezi wa Aprili au Novemba, hesabu hiyo yaweza kushuka chini ya 100.

Sasa upande wa matumizi. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 100. Redio ya wati 5 ikisema saa 6 ni 30. Simu tatu ni kama 45. Jumla ni 175, na nyumba ina amani. Ongeza televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa 4, yaani 100 nyingine, na jumla inakuwa 275. Tumefika ukingoni, lakini hatujaanguka.

Mbona basi nyumba nyingi zinaanguka hapo hapo? Aghalabu mwizi ni inverta. Televisheni iliyonunuliwa hutaka volti 230, fundi analeta inverta, na inverta inaachwa ikiwaka usiku na mchana. Inverta hata ikiwa haina kazi yo yote hula umeme wake. Nyingi za kawaida hula wati 10 au zaidi. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240, karibu mavuno yote ya paneli ya mwenzetu! Yeye anadhani betri imekufa, kumbe betri inalisha kisanduku kinachovuma chini ya meza. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata faranga moja, zima inverta kila televisheni inapozimwa, au ukibahatika nunua televisheni inayotumia volti 12 moja kwa moja. Kwa kufanya hivyo tu, wengine watagundua kwamba hawana haja ya kuongeza kitu wakati wa kiangazi.

KUONGEZA PANELI

Ikiwa hesabu inaonyesha kwamba mavuno hayatoshi, kuongeza paneli ndiyo nyongeza iliyo rahisi, na siku hizi ndiyo isiyo ghali, kwa sababu bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010. Lakini soma kwanza karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Humo mna namba mbili za kuangalia: Voc, ambayo ni volti za paneli isipokuwa na mzigo, na Isc, ambayo ni ampea zake za juu kabisa.

Paneli ya wati 100 ya aina ya volti 12 huwa na Isc ya ampea 6 hivi. Ukifunga mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki zile zile na ampea hujumlika kuwa 12. Regulata nyingi za seti ndogo zimeandikwa ampea 10. Hapo paneli ya pili imeshazidi uwezo wa regulata, na kama haitaungua itakuwa inafanya kazi katika joto kila adhuhuri. Weka ya ampea 20. Ile ya 10 usiitupe, tutaona kazi yake hapa chini.

Shida kubwa zaidi imekuja na paneli hizi za kisasa za wati 400 na 450, ambazo watu huzibeba wakijua kwamba wamepata mara nne ya waliyokuwa nayo. Paneli ya namna hiyo hufanya kazi kwenye volti 40 hivi na ampea 11. Regulata ya bei nafuu, ile iliyoandikwa PWM, haijui kugeuza volti kuwa ampea. Inaifunga paneli moja kwa moja na betri, na betri inaivuta ishuke mpaka kwenye volti 13. Volti 13 mara ampea 11 ni wati 143. Zile wati 300 nyingine ulizinunua, ukazipandisha juu ya bati, na hutaziona kamwe. Tena si regulata zote za PWM zinazostahimili volti 50 kwenye mlango wa paneli. Nyingine huungua siku ya kwanza. Paneli kubwa hutaka regulata iliyoandikwa MPPT, ambayo hupokea volti nyingi na kutoa ampea nyingi. Ni ya bei ya juu, na madukani zimo za uwongo zilizobandikwa neno hilo juu ya kisanduku cha PWM. Njia moja ya kuitambua ni uzito: MPPT ya kweli ina koili za shaba ndani na chuma cha kupozea joto nyuma, nayo ni nzito mkononi.

Hata ukiwa na MPPT ya kweli, kumbuka betri yako. Wati 450 zikishuka kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 30. Betri ya maji ya tindikali ya ampea-saa 100 hupenda kuchajiwa kwa ampea 10 hadi 20. Ukiipa 30 kila mchana itachemka, maji yatakwisha, na sahani za ndani zitaharibika. Regulata nzuri zina mahali pa kupunguza ampea hizo. Mwambie fundi akuonyeshe kabla hajashuka ngazi.

Neno kwa wenzetu wa mashamba ya chai, wa Teza, Rwegura, Tora na Ijenda. Paneli ikipata baridi volti zake hupanda, kama sehemu 3 katika 1,000 kwa kila digrii moja inayopungua chini ya 25. Mtu akifunga mfululizo paneli mbili zenye Voc ya 49.5, hesabu ya karatasini ni volti 99, na regulata yake imeandikwa mwisho volti 100. Mjini huenda ikaponea chupuchupu. Kule juu, asubuhi ya Julai penye digrii 10, jua likichomoza ghafla volti hizo zitapita 103, na regulata imekwenda. Acheni nafasi, msipite volti 85 kwenye regulata ya 100. Tena volti hizo za jua si za kuchezea, maana zinaweza kumwua mtu aliye juu ya bati lenye umande.

BETRI

Hapa ndipo fedha nyingi za wafanyakazi zinapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza pima uliyo nayo. Chombo kinachotakiwa ni multimita, nacho si ghali. Kamati ya wafanyakazi ya kila kiwanda ingefanya vyema kununua moja, ikae kwa mjumbe, na kila mtu aiazime kwa zamu. Acha betri ijae mchana kutwa, kisha uitenge na kila kitu, paneli kwanza, na uiache usiku kucha. Asubuhi betri nzima ya maji itaonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki na nusu ya chaji. Ikiwa karibu 10.5, mojawapo ya seli zake 6 imekufa, maana kila seli ni volti 2.1, na fundi hawezi kuifufua. Lakini volti peke yake hazisemi kweli yote. Siku nyingine ukiwa umeijaza, washa juu yake taa ya wati 20 kwa saa 10. Kwa betri ya ampea-saa 100 iliyo nzima huo ni mzigo mdogo, na ikipumzika itabaki juu ya 12.4. Ikiwa kufika saa sita ya usiku imekwisha shuka chini ya 12, basi kilichobaki ndani yake ni kama cha betri ya pikipiki. Na wale walionunua betri za gari kwa sababu zilikuwa rahisi, wajue kwamba betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini. Sahani zake ni nyembamba, na ikikaushwa kila usiku haimalizi muda mrefu.

Sasa tuseme betri yako ya zamani imebaki na nusu ya nguvu zake. Umenunua mpya na fundi anataka kuzifunga sambamba. Kinachotokea ni hiki. Betri kuukuu hupoteza chaji yenyewe ikiwa imekaa tu. Kila inaposhuka, ile mpya inamimina chaji kwake ili zilingane. Usiku kucha mpya inamlisha mzee ambaye hashibi, na asubuhi zote mbili zina njaa. Zikianza kuchajiwa, chaji haigawanyiki sawasawa, na mpya inakaa muda mrefu bila kujaa. Betri ya tindikali isiyojazwa mara kwa mara huota chumvi ngumu kwenye sahani zake, nayo huzeeka. Kwa njia hiyo mpya inaifuata kuukuu. Na ile kuukuu ikija kufa seli moja, mpya itaanza kumimina kwa nguvu ndani yake, na waya kati yao utapata moto. Kuzifunga mfululizo ili kupata volti 24 ni kubaya zaidi, kwa kuwa ile dhaifu hukauka kwanza na kugeuzwa kinyume na mwenzake.

Betri za lithiamu, zinazoandikwa LiFePO4, zimeleta jambo jingine. Hizo ni nzuri: ya ampea-saa 100 hukupa karibu wati-saa 1,000 za kutumia, hali ya tindikali ya ukubwa huo huo inafaa utumie 600 tu, yaani nusu. Lakini lithiamu hupumzika kwenye volti 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, na tindikali iliyojaa hupumzika kwenye 12.7. Ukizifunga pamoja, lithiamu haitaacha kuisukuma ile nyingine. Kisha regulata ya zamani haijui lithiamu. Baadhi yake hupandisha volti hadi 14.8 au 15 kwa ajili ya kusafisha sahani za tindikali, na hapo mlinzi aliyemo ndani ya lithiamu hukata umeme ghafla, regulata ikabaki na paneli bila betri, nayo yaweza kuungua.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mfanyakazi mwenye kipato chetu ni huu: usiunganishe. Acha paneli ya zamani, regulata yake ya ampea 10 na betri yake zibaki kama zilivyo, na uziachie taa na kuchaji simu. Betri yenye nusu ya nguvu bado inaweza kuwasha taa nne mpaka watu walale. Paneli mpya, regulata mpya na betri mpya ziwe peke yake, na hizo ndizo zilishe televisheni, au chombo cha kinyozi kama mtu ana kibanda jioni baada ya kazi. Mitambo miwili katika nyumba moja, waya zake zisikutane. Wa zamani ukifa baada ya miaka miwili, unahamishia taa kwenye mpya na hujapoteza kitu. Na mpya ukipata hitilafu, nyumba haikai gizani. Wauza maduka hawapendi mpango huu, wala haupendezi macho ukutani, lakini fedha inadumu.

Friji ni habari nyingine. Ndogo ya volti 12 iliyoundwa kwa ajili ya sola hula kama wati-saa 500 kwa siku. Ya kawaida ya nyumbani hula 1,000 au zaidi, na kila inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake, kiasi cha kuangusha inverta ndogo. Mwenye kutaka kuuza vinywaji baridi asijaribu kuiongeza juu ya mtambo wa taa. Afanye hesabu ya mtambo wake yenyewe, na aone kama faida italipa. Pasi na jiko la umeme tusivitaje.

WAYA NA REGIDESO

Waya mwembamba ni hasara isiyoonekana. Kwenye volti 12, ampea 10 zikisafiri mita 10 katika waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, njiani zinapotea volti 1.4, zaidi ya sehemu moja katika kumi. Waya wa milimita 6 hupunguza hasara hiyo kuwa 0.6. Ukiongeza paneli, ongeza unene wa waya. Na karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri pawe na fyuzi, ya ampea 30 kwa waya huo wa milimita 6. Betri ikigusana waya zake hutoa mamia ya ampea, na nyumba imeungua kwa kukosa fyuzi ya bei ya soda.

Walio na mita ya REGIDESO wana bahati moja ambayo wachache wanaitumia. Umeme wetu mwingi hutoka kwenye maji: Rwegura ya megawati 18, iliyoanza kazi 1986, Mugere ya megawati 8 ya mwaka 1982, na mabwawa tunayoshirikiana na majirani. Maji hupungua kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati ule ule jua linapokuwa na nguvu. Mvua zinaporudi, jua linapungua na maji yanaongezeka. Serikali nayo iliona hivyo: mwaka 2021 kituo cha jua cha Mubuga, megawati 7.5, kilizinduliwa mkoani Gitega. Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo kwa chaja ndogo ya betri inayochomekwa ukutani: siku za mvua umeme wa REGIDESO ujaze betri saa chache ulipo, na hutahitaji kununua paneli ya tatu kwa ajili ya miezi mibaya.

Lakini inverta isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukuta ili "iwashe nyumba nzima". Tumesikia mafundi wakiwashauri watu hivyo. REGIDESO ikikatika, umeme wa inverta yako unatoka nje kwa waya ule ule mpaka kwenye nguzo. Fundi wa laini aliyepanda akijua kwamba pamekatwa anakuta volti 230 mkononi. Huyo ni mfanyakazi mwenzetu, ana watoto kama sisi. Na umeme wa REGIDESO ukirudi, inverta itaungua papo hapo. Kinachotakiwa ni swichi ya kugeuza, yenye REGIDESO upande mmoja, sola upande wa pili, na sifuri katikati, ili pande mbili zisiweze kukutana hata kwa bahati mbaya.

Limebaki suala la betri iliyokufa kabisa. Wapo wanunuzi wanaopita mitaani wakitafuta risasi iliyomo ndani, na watu huipasua uani ili waiuze kilo kwa kilo. Mombasa, nchini Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014 kiliwatia sumu ya risasi wafanyakazi wake na wakazi, na watoto ndio walioumia kuliko wote. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aliwaongoza wakazi mpaka mahakamani. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani ndefu Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2024. Betri yako iuze ikiwa nzima, imefungwa, na maji yake ndani. Usimwage tindikali yake kwenye mtaro unaokwenda Tanganyika, wala usiiweke chumba cha kulala watoto ikingoja mnunuzi.